Papa, Ma-isme Yake na Wakwe wa Ntoto

Papa wangu hajawahi kuliacha neno lipite mbele yake salama. Lazima alishike, aligeuze, achungulie ndani kuna nini. Na kama neno lenyewe limetoka ng'ambo, likiwa na "isme" mwishoni, basi ole wake. Alifundisha kozi ya sivisme, yaani mambo ya raia na utawala, katika shule ya sekondari pale Nyabiondo, na kila mwaka wanafunzi walimlilia: mwalimu, ma-isme ni mengi, yanafanana, hayakai kichwani. Papa akawatafutia dawa.

"Kapitalisme," alikuwa anasema, "njo utawala ya kapita." Kwetu njo ni ndiyo, na kapita ni yule msimamizi wa shamba la mzungu wa zamani, aliyesimama na fimbo huku wengine wameinama. Hilo hakuna wa kufundishwa. "Sosialisme njo ile siku kila mutu atakuwa na soso mu sahani." Soso ni kuku kwa Kilingala, na hata asiyejua Kilingala kingine chochote, hicho cha kuku anakijua. "Federalisme njo feza yetu kubakia kwetu. Na liberalisme, muangalie muzuri, ile inatoka ku libala." Libala ni ndoa, kwa Kilingala hichohicho. "Kila mutu anaoa mwenye anapenda, serikali haiingie."

Darasa lilikuwa linapasuka kwa kicheko. Siku ya mtihani walikumbuka kila kitu, ila wengine waliandika na kuku ndani. Papa akawapa nusu ya pointi, akasema kuku naye ana haki yake.

Mchezo ukatoka darasani ukaingia mashambani. Kwetu maharagi hayapaliliwi na mtu mmoja. Majirani wanakusanyika, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mnapanga mstari mmoja kuanzia chini ya kilima, mnapalilia kuelekea juu huku mnapiga domo. Papa alikuja na jembe lake baada ya shule, akatupa neno kwenye mstari, na kila mtu akalirudisha kwa namna yake. Siku moja alituuliza utopia ni nini. Mama mmoja wa jirani, bila hata kuinua kichwa, akamjibu, "Mwalimu, ile tunaijua. Njo utope ya barabara yetu. Kila mukubwa mwenye anapita anasema itaisha." Tulicheka mpaka mwingine akakata mche wa maharagi. Mimi langu lilikuwa nasionalisme. Nilisema, "Nasi tuone! Bengine balishaona, nasi tuone." Papa alilisifu mpaka tukafika juu ya kilima, na mimi nikavimba kichwa wiki nzima.

Labda mtu wa mbali atasema hawa watu wana raha gani ya kucheza na maneno mazito hivyo. Nitamwambia. Kwetu, neno la siasa likifika bila kicheko, watu wanatafuta viatu. Tumekimbia na kurudi, tukakimbia tena na kurudi tena, na kila mara kabla ya kukimbia kulikuwa kwanza na neno kubwa limetangulia, lenye uso mgumu. Njo maana Papa alikuwa analitekenya kila neno kubwa likikaribia. Likicheka, alisema, tunaweza kukaa nalo.

Mama alikufa nikiwa bado mdogo, na mimi njo mtoto wao mmoja tu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu: mimi, Papa, na maneno yake. Nilimpikia, nikamfulia, nikamcheka. Sikujua kwamba kumcheka nako kulikuwa kazi.

Halafu akatokea kijana wa Ntoto.

Alikuwa anakuja na pikipiki kutoka huko kwao, upande wa Walikale, ananunua maharagi kwetu, anayapeleka Omate kwenye machimbo, maana wale wachimbaji wanakula kama mvua inavyokula barabara. Alinunua maharagi ya majirani haraka haraka, lakini ya kwetu aliyachagua punje kwa punje, mpaka shangazi, dada ya Papa anayekaa nyumba ya pili, akaniambia, "Huyu haangalie maharagi." Kweli hakuwa anaangalia maharagi.

Nilimpenda, sina haja ya kuzunguka. Nilimpenda kwa sababu kicheko chake kilikuwa kinachelewa. Papa alimtupia ma-isme, yeye anasimama, anafikiri, anaaga, anapiga pikipiki teke, na akifika kwenye kona ya chini njo tunamsikia anacheka peke yake. Papa alisema, "Huyu kijana akili yake iko na mwendo ya polepole." Lakini nilimwona Papa mwenyewe anasubiri ile kona, ametega sikio.

Tukafika siku ya pombe.

Nieleze kwanza desturi, maana bila hiyo hamtaelewa ubaya uliotokea. Watu wa kijana wanapokuja kuomba msichana, wanaleta bidoni, yaani dumu, ya kasiksi, pombe ya ndizi, wanaiweka katikati ya nyumba. Haifunguliwi. Wanaongea wasemaji, mmoja kila upande. Baba wa msichana anakaa kimya kama mgonjwa. Wakikubaliana, msichana anaitwa kutoka chumba cha ndani, anaulizwa kama pombe inywewe, na jibu lake njo linafungua bidoni. Na kabla ya bidoni kufunguliwa, wakwe hawachekani. Utani ni wa babu na mjukuu, wa shemeji, wa majirani shambani. Mkwe ni heshima tu. Mkishakunywa, mtakuwa na maisha mazima ya kuchekana.

Papa aliyajua yote hayo kuliko mimi. Lakini asubuhi ile alimwambia msemaji wetu apumzike, ataongea mwenyewe.

"Yesu wangu," shangazi akasema. Mimi na yeye tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, mimi nimevaa kitenge kipya. Nilikuwa nangoja kuitwa. Maisha yangu yote yalikuwa upande ule wa pazia, yamekaa kwenye viti vya kuazima.

Wageni waliongozwa na baba mkubwa wa kijana, ndiye aliyemlea. Mtu mrefu, mkimya, shemasi wa kanisa lao, amevaa koti jeusi lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Akasalimu, akaweka bidoni katikati, akakaa. Papa akasimama.

"Karibuni sana," akasema. "Lakini mbele ya yote, museme: mumekuja na ideolojia gani?"

Nikasikia watu wetu wameanza kukohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Nikamshika shangazi mkono.

"Kama muko bakomunisti, mujue hapa vyote ni vyetu sote, jembe, maji, hata sahani. Ila binti hapana. Kama muko bafederalisti, mutuachie feza na murudi kwenu. Na kama muko basosialisti, mbona sioni kuku?"

Watu wetu wakashindwa, wakacheka. Na Papa, akishasikia kicheko, ni kama pikipiki kwenye mteremko. Akamgeukia baba mkubwa. "Na huyu Papa wa koti, muone namna anakaa! Anangojea fimbo tu aanze kutusimamia. Leo tumepata kapitalisti mu nyumba!"

Nyumba ikapasuka. Hata shangazi aliziba mdomo kwa kitenge. Mimi peke yangu sikucheka, maana upande wa wageni palikuwa kimya kama kanisa tupu. Nikachungulia. Kijana wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Baba yake mkubwa alingoja kicheko kiishe chote, mpaka yule wa mwisho alipojifuta machozi. Kisha akasimama.

"Papa mwalimu," akasema taratibu, "maneno yako iko muzuri. Nimesikia yote, na nimeelewa yote. Hata mimi niko na kinywa, kule kwetu banajua. Lakini leo nimekuja kuomba. Mwenye kuomba, kinywa yake inafungwa. Hawezi kukujibu. Sasa wewe uko unapiga mutu mwenye amefungwa."

Akaishika ile bidoni kwa mkono wake mwenyewe, akaiinua. Wageni wote wakasimama. Kwetu, pombe ikitoka jinsi ilivyoingia, hakuna tena la kuongea. Nilisikia pikipiki zao zinaondoka moja moja, na kwenye kona ya chini sikusikia kicheko.

Nikatoka nyuma ya pazia bila kuitwa. Shangazi alinivuta kitenge cha mabegani, nikamwachia mkononi. Mbele ya majirani wote nikamwambia Papa, "Ulitafuta kicheko, si umepata? Sasa kaa nacho. Kitakupikia!" Papa akainama, akaanza kupanga viti vya watu kimoja juu ya kingine. Nilimwonea huruma na nikamchukia, vyote pamoja, na hasira ilikuwa mbele.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa mbaya. Alikwenda shule, akarudi. Wanafunzi walituambia mwalimu sasa anafundisha kapitalisme kutoka kitabuni, mstari kwa mstari, na hakuna aliyeelewa. Kijana alikuwa ameenda Omate, kule ambako simu inashika siku ikitaka yenyewe. Nilipika, nikaweka sahani mezani bila kusema karibu. Unaweza kula bugali ya mtu aliyenuna, lakini haishuki.

Shangazi njo alivunja kimya. Alikuja asubuhi, hakukaa, akamwambia kaka yake: "Kaka, uliharibu na kinywa. Kinywa haitatengeneza. Beba jembe."

Alikuwa anasema desturi ya zamani, ambayo nilikuwa nimeisikia tu. Mtu akimkosea mkwe, anakwenda kwenye shamba la huyo mkwe, analima. Haombi ruhusa, hasalimii, hasemi na mtu. Analima tu. Wenye shamba wakimletea maji, neno limekwisha, wamesamehe. Jua likishuka bila mtu kumletea maji, basi anarudi kwake, na hakuna wa kwenda kuomba tena, milele. Kimya hicho kinawafunga na wanaomsindikiza.

Papa akauliza, "Na nikishindwa kukaa kimya?"

"Utabaki na mutoto yako hapa, atazeeka anakuangalia hivi," shangazi akasema, akaninyoshea kidole. Kweli nilikuwa namwangalia vibaya.

Tulipanda pikipiki mpaka njia ilipokataa kwa utope, tukamalizia kwa miguu, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma. Mimi sikuruhusiwa kukanyaga shamba. Kazi yangu ilikuwa kusimama njiani. Tuliingia Ntoto asubuhi, moshi bado unatoka jikoni, watu wanatuangalia. Na hapo njo tukagundua jambo ambalo shangazi hakulifikiria, Papa hakulifikiria, wala mimi: hatukulijua shamba lenyewe ni lipi. Na kuuliza haturuhusiwi.

Nilimwona Papa anasimama, anafikiri. Nikajua anafikiri nini kama vile anaongea. Mtu wa koti lile hawezi kukosa shamba kubwa. Akachagua shamba la muhogo lililo kubwa kuliko yote, pembeni ya nyumba ya manjanja, yaani mabati, mapya, lakini majani yamelifunika. Akavua viatu, akatema mate mikononi, akaanza.

Nani amesema Papa hajui kulima? Alilima vizuri. Majani yalianguka, udongo ukafunguka mweusi, jasho likampitisha shati. Watu wakaanza kukusanyika njiani. Mwanzo walinong'ona. Kisha nikasikia kicheko kidogo, cha kuzibwa na mkono. Mama mmoja aliyebeba sombe, majani ya muhogo, kichwani akanisogelea.

"Dada, yule njo papa yako?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Sasa anafanya nini mu shamba ya nyanya? Nyanya hata hana deni na mutu."

Nyanya kwetu ni bibi. Lilikuwa shamba la kikongwe wa jirani, mjane, aliyelishindwa tangu wanawe walipoenda machimboni. Shamba la baba mkubwa lilikuwa kule chini karibu na kijito, kipande kidogo, chenye mawe. Yule mama alinionyesha kwa midomo. Nikafungua kinywa kumwita Papa, nikakumbuka, nikakifunga. Nikapunga mkono, lakini alikuwa ameinama, amenipa mgongo. Kumwita ni kuvunja desturi, na kunyamaza ni kumwacha alime mpaka jioni mahali ambapo hakuna mkwe wa kumletea maji. Nilisimama pale ninauma kanga yangu, ninamlaani kimoyomoyo, na kumwombea Mungu hapohapo.

Habari haikawii. Kicheko njiani kikakua. Mmoja akasema kwa sauti, "Bwana mwalimu, ukimaliza hapa, ya kwangu iko kule!" Wengine wakaangua. Papa alisikia. Nilimwona mabega yanasimama. Mimi namjua, alikuwa na jibu tayari, jibu ambalo lingewalaza wote chini. Akalimeza. Akainua jembe, akaendelea.

Hapo akatokea baba mkubwa. Hakuwa na koti. Alikuwa na shati la kazi lililotoboka kiwiko. Watu wakampisha njia, wametabasamu, wanangoja. Zamu ilikuwa yake sasa. Mtu aliyemcheka nyumbani kwetu alikuwa pale mbele ya kijiji kizima, amefungwa kinywa, analima shamba la wengine kama mwenda wazimu. Hata mimi nilisema moyoni, akimcheka, ana haki.

Akaangalia shamba. Akaangalia ule udongo mweusi uliofunguka. Akawageukia watu.

"Nani mwenye anacheka hapa?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Akamchukulia mtu mmoja jembe begani, bila kuomba, akaingia shambani. Akasimama pembeni ya Papa, mstari wake ukaanzia pale mstari wa Papa ulipo, akainama. Wakalima pamoja. Papa alimtupia jicho mara moja tu, kisha wote wawili wakaenda mbele, jembe likipanda na kushuka, hakuna neno. Wale waliokuwa wanacheka wakaanza kuondoka, wengine wakarudi na majembe yao, maana ni aibu kusimama unamwangalia shemasi analima shamba la mjane.

Kikongwe mwenyewe alitoka nyumbani na fimbo yake, akaliangalia shamba lake, akaanza kumshukuru Mungu kwa kelele, hajui ni kwa sababu gani. Akaleta maji kwenye kopo. Akaelekea kwa Papa, kwa sababu ndiye mgeni. Lakini maji ya nyanya si maji ya mkwe. Baba mkubwa akanyosha mkono, akayapokea yeye. Akayashika kidogo. Kisha akampa Papa kwa mikono miwili.

Papa akanywa yote. Yalimtiririka mpaka kidevuni. Alipomaliza akakaa chini pale pale, kwenye udongo, na baba mkubwa akakaa karibu yake. Nilisogea mpaka ukingo wa shamba nisikie. Nilingoja Papa aanze. Nilijua ataanza na neno moja la isme, atalipindua, watacheka, tutakwenda nyumbani.

"Papa," akamwambia baba mkubwa, "niliogopa. Huyu njo mutoto niko naye. Siku ile nilisema moyoni, nikiongea sana, siku haitaisha."

Sijawahi kumsikia anasema kitu kikanyooka hivyo tangu nizaliwe. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Baba mkubwa akafuta udongo kwenye jembe. "Sasa kama ungesema hivi siku ile," akasema, "tungelia kwanza, kisha tungekunywa."

"Ningekosa nguvu ya kusema."

"Njo maana mimi nilileta bidoni. Njo kazi yake."

Papa akacheka kidogo, kicheko cha pua tu. Kisha akaninyoshea mkono, akaniambia nikanyage shamba, sasa naruhusiwa. Nikavua ndala, nikaingia. Udongo ulikuwa baridi. Hakukuwa na pazia, wala viti vya kuazima, wala kitenge kipya, na kijana wangu mwenyewe alikuwa bado Omate, hajui lolote. Papa aliniangalia kutoka chini alipokaa, uso wote una udongo.

"Mama," akaniita hivyo, anavyoniita tangu Mama afe, "pombe yao tuinywe?"

Nilitaka kusema kwa sauti, ikatoka ndogo. Nikasema ndiyo.

"Bon, vizuri," Papa akasema. Akaegemea jembe akasimama, akarudi kumalizia mistari iliyobaki ya yule nyanya.